Kadi milioni 5 na babu sijamwona: nimekaa wiki 3 kwenye tovuti za mateka wa vita

Habari zenu wakuu. Leo sio simu wala mgahawa, naandika kuhusu zile tovuti za nje zinazohifadhi kumbukumbu za watu waliotekwa vitani. Zote ni za bure, unachotoa ni bando na macho yako. Nimekaa nazo wiki 3, usiku baada ya kazi, kwa hiyo naongea kama mtumiaji tu, sio mwanahistoria, mi kazi yangu ni fundi wa friji.

Chanzo ni bibi mzaa mama, yuko Tabora. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani vita ya kwanza, wale waliozunguka na kamanda wao von Lettow-Vorbeck toka huku bara mpaka Msumbiji na kurudi, miaka minne, wakaja kuweka silaha chini Abercorn (sa hivi panaitwa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki 2 nzima baada ya vita kuisha kule Ulaya. Wakavushwa ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakapandishwa treni, Wazungu wakaendelea Dar, askari na wapagazi wakashushwa Tabora wakawekwa kambini. Sasa fikiria mtu ni Mnyamwezi, katembea nchi tatu akiota kurudi kwao, amerudi kweli kwao, halafu yuko ndani ya uzio, na nje ya uzio watu wanauza karanga na anaisikia lugha yake. Bibi hiyo habari ya karanga anaisimulia kila Krismasi. Mwaka huu mwanangu, yuko darasa la sita, akauliza kwani hakuna sehemu imeandikwa? Nikasema ngoja niangalie, ndo nikapotea humo.

Nianze na ile kubwa, ya Msalaba Mwekundu, ile ya wafungwa wa vita ya 1914 mpaka 1918. Hii naipa nyota nne na nusu na nitaeleza hiyo nusu imeenda wapi.

Kwanza historia yake maana bila hiyo hutaelewa unachokiona. Agosti 1914, vita haina hata mwezi, watu wa Msalaba Mwekundu pale Geneva, Uswisi, wakafungua ofisi ya kufuatilia mateka. Wakaanza wachache, kazi ikawazidi, wakahamia kwenye jengo la makumbusho, Musée Rath, yani walitoa michoro wakaweka meza na makabati. Mpaka vita inaisha watu waliojitolea kupita pale ni kama 3,000, wengi wanawake. Hata yule mwandishi wa Kifaransa Romain Rolland alikaa pale akijibu barua. Kazi yao ilikuwa hivi: serikali zinaleta orodha za watu waliowakamata, wao wananakili kila jina kwenye kadi. Na wakati huohuo mama yuko kijijini Ufaransa au Uingereza hajasikia kwa mwanae miezi mitatu anaandika barua kuuliza, na hiyo barua nayo inatengenezewa kadi. Kadi zote zinapangwa kabati moja kwa alfabeti. Ikatokea kadi ya anayetafutwa imeangukia jirani na kadi ya aliyepatikana, basi hapo mama anaandikiwa jibu. Hamna kompyuta hapo, ni vidole na macho. Mi nilivyoisoma hiyo nikaacha simu mezani nikakaa kimya kidogo, kwa sababu ni kitu rahisi kabisa na bado hakuna aliyekuwa amekifanya kwa ukubwa ule.

Kadi zenyewe ni kama milioni 5, za watu kama milioni 2, waliziskani wakaziweka mtandaoni mwaka 2014, miaka 100 toka vita ianze. UNESCO walishaziweka kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia toka 2007.

Matumizi sasa. Usitegemee ni kama Google eti unaandika jina linakuja. Hapana. Unachagua jeshi la nchi gani, unaandika jina la ukoo, inakupeleka kwenye droo, halafu unaanza kufunua kadi moja moja mbele nyuma mpaka uifikie, kama unavyotafuta faili kwenye ofisi ya kata. Mwanzo inakera. Siku ya tatu nikaipenda, maana ukiwa unafunua unapita kwa watu wengine ambao hukuwatafuta. Kadi ni picha, mwandiko wa mkono, wino umefifia, kuna jina, cheo, kikosi, alikamatiwa wapi, yuko kambi gani, na kuna herufi na namba pembeni. Hizo namba msizipuuze, ndo ufunguo! Unazinakili, unarudi kwenye sehemu ya kuandika namba, inakufungulia ukurasa wa orodha yenyewe iliyoletwa na serikali, pale unaweza kukuta tarehe ya kuzaliwa, jeraha lake, na anwani ya ndugu. Mi nilikuwa sijui, nimepoteza siku mbili nikidhani kadi ndo mwisho.

Kufanya mazoezi tafuta de Gaulle, yule yule aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa. Alikamatwa Machi 1916 kwenye mapigano ya Verdun, akajaribu kutoroka mara 5 na zote akashindwa, na kwenye kabati la Geneva ni kadi tu kama ya mpishi yeyote wa kikosi. Rais na mpishi, karatasi saizi moja. Hicho kitu kilinifurahisha sana.

Kuna na sehemu ya ripoti, wajumbe walikuwa wanaenda kukagua kambi wanaandika chakula kikoje, mablanketi mangapi, choo kikoje, na kuna postikadi za kambi pia. Wajerumani wengi waliokamatwa huku kwetu walipelekwa India na Misri, Ahmednagar, Sidi Bishr, na kambi hizo zilikaguliwa.

Sasa ile nusu nyota. Babu, yani huyo baba yake bibi. Nimeandika jina lake kwa kila tahajia ninayoijua, kwa L kwa R, kwa M mbele na bila M, nikajaribu upande wa jeshi la Mjerumani, nikapita droo mpaka macho yakauma, sikumwona. Na ukishaelewa kadi zilivyotengenezwa wala huwalaumu wa Geneva. Kadi inatoka kwenye orodha, orodha inatoka serikalini. Asiyeorodheshwa hana kadi. Na barua ya mama ya kuuliza? Mama yake babu angemwandikia nani Geneva, kwa anwani ipi. Pale Abercorn kwenye hesabu Wazungu ni 155 hivi, askari zaidi ya 1,100, wapagazi zaidi ya hao, na ukisoma maelezo ya siku ile maofisa wana majina, sisi tuna jumla. Kwa hiyo hiyo nusu nyota siikati kwa tovuti, naikata kwa waliotakiwa kuleta orodha. Najua haina maana lakini tathmini ni yangu.

(Na hii haikuwa kwa Mjerumani peke yake. Upande wa Mwingereza walikuwepo wale Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ambao jina lao ndo hilo tunashukia daladala kila siku, Kariakoo. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Halafu mtu anakuuliza soko limepewa jina la nani.)

Ajabu nyingine, Tabora hiyohiyo ndo Wajerumani walikuwa wamewafungia raia wa Uingereza na wamisionari mwanzoni mwa vita, mpaka Wabelgiji walipoingia mjini Septemba 1916. Hao walipotoka waliandika, wakachapisha. Mji mmoja, kambi mbili, miaka miwili katikati, wa kwanza unawasoma na wa pili unawauliza bibi.

Tovuti ya pili ni ya BBC, inaitwa WW2 People's War, hii ni ya vita ya pili. Hapa hamna kadi, hapa ni hadithi zenyewe, watu wa kawaida wameandika walichokiona. Walikusanya toka 2003 mpaka 2006, zikafika hadithi 47,000 na picha 15,000, wakafunga mlango, hakuna kuongeza tena. Ina mada kibao na mojawapo ni ya mateka wa vita, ingia moja kwa moja huko.

Muonekano ni wa kizamani kweli, maandishi madogo, kwenye simu inabidi uvute kwa vidole. Ila ni nyepesi! Kwa bando la jero unasoma usiku mzima, tofauti na picha za kadi za Geneva zinazokula MB kama nini. Na kitu nilichokipenda kuliko vyote ni sentensi ndogo mwanzoni mwa hadithi nyingi, inasema hadithi hii imewekwa na fulani kwa niaba ya fulani, kwa ruhusa yake. Mwanzo nikawa naruka. Baadae nikaelewa, wazee wengi hawakujua kompyuta, kwa hiyo walienda maktaba, kijana wa kujitolea akakaa nao akachapa wakati mzee anaongea. Na inasikika. Mzee anaanza kuelezea alivyokamatwa, anakumbuka mbwa, anamweleza mbwa aya nzima, anarudi. Mwandishi wa vitabu angemkata yule mbwa. Pale wamemwacha.

Utakachokuta humo ni njaa. Kama ulitegemea bunduki utachoka, mateka haongelei bunduki, anaongelea mkate unagawanywaje na nani anashika kisu. Waliokuwa Ujerumani wanakumbuka vifurushi vya Msalaba Mwekundu, kopo la maziwa, sigara zilivyokuwa ndo pesa ya kambini, halafu ile baridi ya mwanzo wa 1945 walivyotembezwa kwa miguu kukimbizwa Warusi wanaokuja. Waliokuwa kwa Mjapani ni habari nyingine kabisa, Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942, wakakamatwa kwa makumi elfu, wengi wakapitia kambi ya Changi palepale Singapore, wakapelekwa kujenga reli ya Thailand na Burma, kilometa 400 na kitu kwenye msitu. Mateka zaidi ya 12,000 walifia kwenye hiyo reli. Na vibarua wa Kiasia, Watamili, Waburma, Wamalay, Wajava, walikufa wengi kuliko hao mara kadhaa, na nadhani mmeshaanza kuona muundo wenyewe, hao hadithi zao hazimo, wanapita tu kwenye hadithi za wenzao kama kivuli kando ya reli. Kuna sehemu nilikuwa nasoma saa 8 usiku nikaenda kufungua friji nikasimama tu nikiangalia chakula.

Tahadhari moja, BBC wenyewe wanasema hizi ni kumbukumbu za watu, hawajazihakiki. Tarehe zinagongana, mtu anasema kambi ilikuwa na watu hivi mwingine anasema vile. Kwa mtu wa mtihani isikutoshe peke yake. Kwa mtu anayetaka kujua ilikuwaje, sijaona bora zaidi. Nyota tano, na ule muonekano mbaya nausamehe.

Kuna ya tatu nitaigusa tu. Vita ya kwanza Wajerumani walipeleka wasomi wao kwenye kambi za mateka kurekodi lugha, maana mateka walitoka dunia nzima, India, Afrika, Ulaya. Anaitwa Wilhelm Doegen ndo alisimamia, na rekodi zake nyingi ziko Chuo Kikuu cha Humboldt Berlin mpaka leo. Mtu anasimamishwa mbele ya pembe ya kurekodia anasoma kitu alichopangiwa, Waingereza wengi wamesoma ule mfano wa mwana mpotevu. Mwana mpotevu, mtu amefungwa mbali na kwao! Sijui aliyechagua alikuwa anatania. Maktaba ya Uingereza walipata nakala zaidi ya 800 za hao wa Uingereza na makoloni yake, lakini Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia hiyo maktaba na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazima muda mrefu, za sauti zikiwemo. Kwa hiyo kama kuna kitu cha ukoo wako umekikuta mtandaoni pakua, weka kwenye flashi, na nyingine kwa shemeji. Usiseme kiko kule kipo tu. Sijaisikiliza ya kutosha kuipa nyota.

Turudi kwa babu, maana kuna kisa kimoja ambacho kinasimuliwa sana na kila nikisoma haya mambo nakikumbuka. 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa askari wa zamani malimbikizo yao ya mshahara. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza, wakaja wazee kama 350. Wachache tu ndo walikuwa na karatasi waliyopewa 1918, wengine wakaja na vipande vya sare, wengine mikono mitupu. Sasa utamjuaje askari na mjanja? Mtu wa benki aliyekuja na hizo hela akachukua fagio, kila mzee anapita mbele, anapewa fagio kama bunduki, anapewa amri kwa Kijerumani. Na inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Bibi anasema baba yake aliisikia hiyo habari ya Mwanza na hakwenda. Alisema Mjerumani ukiitwa ukaitika mara ya mwisho ilichukua miaka minne.

Ila kuna kaseti. Mwaka 1977 mjomba alinunua redio kaseti na kitu cha kwanza alichofanya ni kumweka mzee mbele yake chini ya mwembe akamuuliza maswali, upande A na upande B. Kaseti imekaa kwenye bati la biskuti miaka yote. Nilivyorudi kutoka kwenye hizo tovuti nikapata moto nikasema na sisi ya kwetu iingie kwenye kompyuta. Nikaipeleka kwenye duka moja mjini, sitalitaja, wanasema wanahamisha kaseti na mikanda ya harusi kwenda flashi, elfu 15. Kijana akaiweka kwenye mashine bila hata kuangalia ule mkanda mkavu, ikatafuna. Kakata, kaunga kwa gundi ya karatasi, kaniambia broo mbona hii ilikuwa inaongea tu haina muziki. Upande B haupo tena. Upande A umebaki dakika 11, na hata hizo ameziingiza kwa kasi siyo, mzee anaongea kama kinda la ndege, ikabidi mwanangu aipunguze kasi kwa programu ya simu mpaka bibi akasema hapo, hapo ndo yeye.

Kwa hiyo ushauri kwa mwenye kaseti: kabla hujampa fundi mwulize ataifungua kwanza? Ataizungusha kwa mkono kwa kalamu kuona kama imeganda? Ana mkanda wa kuungia wa kaseti, sio gundi? Akikuangalia kama mi nilivyoangaliwa, ondoka nayo. Bora uweke redio nzima na simu pembeni urekodi chumbani na kuku wakilia kuliko kupoteza. Hilo duka halipati nyota, na elfu 15 sijarudishiwa.

Dakika 11 zenyewe tumezisikiliza wote sebuleni kwa bibi. Mjomba anauliza kuhusu vita, mzee anaruka vita, anaenda kambini, anaelezea yale mafua ya 1918 yalivyoingia pale Tabora, watu wametoka salama Msumbiji wanakufa kwa kikohozi kwao. Halafu anaanza kutaja wenzake. Taratibu, jina na jina la baba na kijiji. La kwanza, la pili, anafika la sita, anasimama. Unasikia mwembe, unasikia mtu anapita na baiskeli. Mjomba anasema endelea baba. Mzee anasema lete maji kwanza, na hapo mkanda umekatika.

Majina sita nimeyaandika kwenye daftari la mtoto, kwa wino, na vijiji vyake. Wiki ijayo tunaanza na kijiji cha kwanza, kiko njia ya Urambo.